Aliyebuni Land Rover na funzo lake kwa Ukambani

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda, na ni nadra ukweli wa methali hiyo kudhihirika waziwazi kama unavyodhihirika katika biashara ya magari. Kila mwaka hutoka gari lenye viti laini kuliko la mwaka uliotangulia, kiyoyozi chenye baridi zaidi na vioo vinavyopanda na kushuka kwa kubonyeza kidude tu, nalo la jana likaonekana gofu. Katika miji yenye lami jambo hilo ni la mfuko wa mnunuzi na majivuno yake. Lakini huko Kitui na Makueni jambo hilo lina uzito mwingine. Gari likizama katika mchanga wa mto Tiva, au likinaswa na udongo mweusi baada ya mvua za Novemba, aliyemo ndani hakumbuki tena iwapo kiti chake kimefunikwa ngozi au turubai. Anachotaka kujua ni kama atafika aendako kabla ya giza kuingia.

Kuhusu magari ya nchi ya namna hiyo, watu wetu wamegawanyika makundi mawili. Wapo wanaoshikilia kwamba gari la porini sharti liwe gumu na sahili, lisilo na anasa yoyote, na kwamba kila kitu kilichoongezwa ni kitu kimoja zaidi cha kuharibika. Wapo pia wanaojibu kwamba mateso si sifa, na kwamba mtu aliyechoka kupondwa mgongo hana sababu ya kukataa raha iliyovumbuliwa kwa ajili yake. Makundi yote mawili hulitaja Land Rover kongwe, moja likilisifu na jingine likilicheka. Aghalabu hakuna anayemtaja mtu aliyelibuni. Mtu huyo ni Maurice Wilks, na maisha yake yanastahili kusimuliwa kwa walimu na wanafunzi, maadamu ndani yake mna jibu ambalo makundi hayo mawili hayajalizingatia.

Maurice Fernand Cary Wilks alizaliwa tarehe 19 Agosti 1904 katika kisiwa cha Hayling, kilichoko pwani ya kusini mwa Uingereza. Alipata elimu yake katika shule ya Malvern, kisha akaingia katika kazi ya magari angali kijana. Kati ya 1926 na 1928 alikuwa Marekani akifanya kazi na kampuni ya General Motors, wakati ambapo nchi hiyo iliunda magari kwa wingi ambao Ulaya ilikuwa haijauona. Aliporejea kwao alifanya kazi katika kampuni ya Hillman, ambako kaka yake mkubwa, Spencer, aliyekuwa ameoa binti wa mwanzilishi wa kampuni hiyo, alikuwa miongoni mwa wakuu. Spencer alipohamia kampuni ya Rover mwaka 1929, Maurice hakukawia kumfuata. Mwaka 1930 akawa mhandisi mkuu wa Rover, akiwa na umri wa miaka 26 hivi.

Kampuni waliyoikuta ndugu hao wawili ilikuwa taabani kifedha. Dawa waliyoipata ilikuwa kuunda magari machache yaliyotengenezwa kwa uangalifu, yenye mbao zilizong'arishwa na viti vya ngozi, kwa ajili ya madaktari, mawakili na wakuu wa benki. Dawa hiyo ilifaulu, na Rover ikapata jina la gari la watu wenye staha. Naomba msomaji alitie jambo hili akilini, kwa sababu tutalihitaji baadaye. Mtu aliyekuja kuunda gari gumu kuliko mengi ya wakati wake hakuwa mgeni wa starehe wala adui yake. Kwa takriban miaka 18 kabla ya Land Rover, starehe ndiyo iliyokuwa riziki yake.

Vita Vikuu vya Pili vilibadilisha mambo. Mwezi wa Novemba 1940 mji wa Coventry ulishambuliwa kwa mabomu, na kiwanda cha Rover kilichokuwa humo kikaharibiwa vibaya. Wakati huohuo serikali ya Uingereza iliikabidhi Rover kazi ya kuendeleza injini ya jeti iliyobuniwa na Frank Whittle. Wilks na wahandisi wake waliishughulikia injini hiyo mpaka 1943, ilipohamishiwa kwa kampuni ya Rolls-Royce baada ya mivutano mingi baina ya Whittle na Rover. Kwa hivyo mtu tunayemzungumzia alikuwa amekwisha kugusa ufundi wa hali ya juu kabisa wa enzi yake. Usahili alioufikia baadaye haukutokana na uhaba wa maarifa.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Rover ilijikuta na kiwanda kikubwa huko Solihull, lakini haikuwa na chuma cha kutosha. Uingereza ilikuwa imedhoofika na inadaiwa, na serikali iligawa chuma kwa kampuni kulingana na bidhaa ambazo zingeuzwa nje ya nchi ili kuleta fedha za kigeni. Magari ya madaktari na mawakili hayakuwa na soko kubwa ng'ambo. Kampuni ilihitaji kitu ambacho ulimwengu mzima ungekitaka, kinachoundwa kwa chuma kidogo na kwa mitambo isiyogharimu sana.

Jibu lilitoka shambani. Wilks alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, huko Wales, na shambani humo alitumia Jeep kuukuu la jeshi la Marekani, mojawapo ya maelfu yaliyobaki baada ya vita. Lilimfaa kwa kuvuta magogo, kupita matopeni na kufika mahali ambapo gari la kawaida lisingethubutu. Lakini lilikuwa limechoka, na spea zake zilikuwa taabu kupatikana. Inasimuliwa kwamba Spencer alimwuliza ndugu yake angefanya nini gari hilo likifa kabisa, naye Maurice akajibu kwamba angenunua jingine kama hilo kwa kuwa hapakuwa na badala yake. Jibu hilo liliwafungua macho wote wawili. Ikiwa mkuu wa wahandisi wa kampuni ya magari hakuwa na gari la nchi yake mwenyewe la kufanyia kazi ya shamba, wakulima wengine walikuwa wangapi katika hali hiyohiyo? Yasimuliwa pia kwamba mwaka 1947, katika ufuo wa ghuba ya Red Wharf kisiwani humo, Wilks alichora umbo la gari hilo kwa kijiti juu ya mchanga.

Gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya fremu ya Jeep, na usukani wake uliwekwa katikati kama wa trekta, ili liweze kuuzwa katika nchi za kushoto na za kulia bila kubadilishwa. Hilo lilikuwa wazo sahili mno, na baada ya kujaribiwa likaonekana halifai, kwa hivyo likaachwa. Nalitaja kwa makusudi, kwa sababu linatuonyesha kwamba Wilks hakuuabudu usahili. Aliupima kwa kazi, na pale uliposhindwa kazi aliuweka kando.

Kilichobaki baada ya majaribio kilikuwa cha ajabu kwa jinsi kilivyopunguzwa. Kwa kuwa chuma kiliadimika, bodi ilitengenezwa kwa madini mepesi yaliyochanganywa na alumini, ambayo hayashikwi na kutu. Bamba zake zilikuwa bapa au zilizokunjwa kidogo tu, ili zisihitaji mashine ghali za kufinyanga. Fremu iliundwa kwa vipande vya chuma bapa vilivyochomelewa pamoja mpaka vikawa mfano wa sanduku refu. Injini, ya lita 1.6 na nguvu za farasi 50 hivi, ilichukuliwa katika gari la kawaida la Rover. Magurudumu yote manne yaliweza kuvuta. Palikuwa na mahali pa kuchukulia nguvu za injini ili kuzungusha msumeno au mashine ya kupuria nafaka. Milango na paa vilihesabiwa mwanzoni kuwa nyongeza za kulipiwa kando! Gari hilo lilionyeshwa hadharani mara ya kwanza tarehe 30 Aprili 1948 mjini Amsterdam, na bei yake ikatangazwa kuwa pauni 450.

Wakuu wa Rover walidhani wanajishikiza tu kwa miaka miwili au mitatu, mpaka hali ya uchumi itakapotengemaa warudie magari yao ya kifahari. Mambo yakageuka. Muda si mrefu Land Rover lilikuwa likiuzwa kwa wingi kuliko magari mengine yote ya kampuni hiyo yakijumlishwa. Kufikia 1966 yalikuwa yameundwa magari 500,000, na 1976 idadi ikafika milioni moja.

Tuje sasa kwetu. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilikuwa katika harakati za kufyeka vichaka vyenye mbung'o huko Makueni, ili kuwapa makao watu waliobanwa katika milima ya Machakos. Kitui ilikuwa wilaya kubwa mno yenye barabara chache, nayo ingali pana hata leo. Nchi hizi mbili, zinazotenganishwa na mto Athi, zina tabia moja: mito yake mingi ni mchanga mtupu kwa miezi kadha wa kadha, kisha mvua ikinyesha milimani hujaa ghafla na kugeuka ukuta wa maji mekundu. Kuna miteremko mikali ya Mbooni na Kilungu, kuna mawe ya Nzaui, na kuna nyanda kame za Ikutha na Mutha ambako kutoka duka moja hadi jingine ni safari. Ni kana kwamba Wilks alipochora gari lake mchangani alikuwa ameiona nchi hii, ingawa alikuwa akifikiria matope ya Wales.

Kwa sababu hiyo Land Rover lilienea Kenya kama lilivyoenea Afrika nzima. Lilimbeba mkuu wa wilaya na askari wake, lilimbeba bwana mifugo na chanjo zake, lilimbeba mmishenari, na baadaye lilimbeba mwalimu mkaguzi wa shule. Hatuna budi kukiri kwamba si kila mzee aliyeliona likitimua vumbi alifurahi, kwa kuwa aghalabu lilikuja na kodi, amri au pingu. Hivyo gari lililobuniwa kuwa mtumishi wa mkulima liligeuka kwetu kuwa alama ya mamlaka. Wilks hakulikusudia hilo. Hata hivyo, historia ya chombo huandikwa na wanaokitumia, na hilo ni somo la kwanza kwa mwanafunzi wa historia.

Somo la pili ni la fundi. Wakamba wamesifika tangu zamani kwa ufundi wa madini. Mikufu myembamba waliyoifua ilistaajabiwa na wageni waliopita nchini mwao. Gari lililofungwa kwa bolti za kawaida, ambalo bamba lake likipondeka hunyooshwa kwa nyundo na springi yake ikivunjika hubadilishwa chini ya mti, lilipata mabwana wanaolifaa. Kijana mwenye spana, bisibisi na jeki aliweza kulala chini yake akaielewa kila shafti na kila gia kwa kuitazama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na gari hili lilimruhusu aliyeinama akione alichokitaka. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, ilipo thamani halisi ya usahili wa Wilks. Ugumu wa viti haukuwa sifa. Sifa ilikuwa kwamba aliyelitumia aliweza kulielewa, na aliyelielewa aliweza kulifufua bila kungoja mtu kutoka Nairobi.

Walakini tusijidanganye kwa kuyapamba ya kale. Mwulize mama aliyepelekwa hospitali ya Mutomo au ya Kitui akiwa na uchungu wa uzazi, amelazwa juu ya benchi la chuma nyuma ya gari hilo, juu ya springi zisizojua huruma, vumbi likiingia kila upenyo. Mama huyo hawezi kuimba sifa za usahili. Kwake yeye kila shimo lilikuwa adhabu, na kiti laini kingekuwa rehema. Hali kadhalika magari ya kwanza ya aina hiyo hayakuwa na mikanda ya usalama wala mifuko ya hewa ya kumkinga abiria ajali inapotokea. Anayesema kwamba kila kipya ni anasa anachanganya mambo mawili yasiyofanana: kinachombembeleza mtu, na kinachomwokoa.

Wilks mwenyewe alilijua hilo. Mwaka uleule wa 1948 Rover ilitoa Land Rover la abiria saba, lenye bodi iliyojengwa juu ya mbao na viti vya ngozi. Kodi iliyotozwa magari ya abiria nchini Uingereza ililifanya kuwa ghali mno, na hayakuundwa hata 700 kabla halijasimamishwa mwaka 1951. Baada ya hapo akajaribu tena kuunda gari la kati, lililokusudiwa kusimama baina ya Land Rover na gari la mjini, lakini halikufika sokoni. Mtu huyu, basi, alikuwa akitafuta miaka hiyo yote namna ya kumpa msafiri nafuu bila kulipokonya gari uwezo wake. Utaratibu wake ulikuwa kuanza na uti wa mgongo, kisha kuutandikia mto. Hakuanza na mto.

Maurice Wilks alifariki tarehe 8 Septemba 1963 kisiwani Anglesey, akiwa mwenyekiti wa kampuni ya Rover, miezi mitatu kabla ya Kenya kujipatia uhuru. Alikuwa na umri wa miaka 59. Kazi aliyokuwa ameianza iliendelezwa na mpwa wake, Spen King, ambaye mwaka 1970 alitoa Range Rover. Gari hilo lilikuwa na springi za koili zilizopunguza mtikisiko na injini yenye nguvu, lakini ndani yake lilikuwa la kazi: viti vyake vilifunikwa plastiki, na sakafu yake iliweza kuoshwa kwa mpira wa maji. Kitambo kidogo baadaye wenye fedha wakalipenda. Likapata milango minne 1981, likapata gia zinazojibadilisha zenyewe, likapata ngozi na mazulia, hata likawa gari la kuegeshwa mbele ya hoteli. Hakuna aliyekaa siku moja akaamua kulitoa shambani. Lilitolewa hatua kwa hatua, kila hatua ikiwa na sababu yake nzuri.

Land Rover lenyewe, ambalo miaka ya baadaye liliitwa Defender, liliendelea kuundwa Solihull mpaka tarehe 29 Januari 2016. Jipya lililochukua jina hilo lilionyeshwa 2019, nalo halina tena fremu ya sanduku, na shughuli zake nyingi huongozwa na kompyuta. Kwetu nafasi ya kongwe ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na Toyota Land Cruiser, hasa lile la umbo la mwaka 1984 ambalo polisi na mashirika ya misaada hulipenda kwa sababu zilezile zilizompendeza Wilks. Vijijini nako, kazi iliyokuwa ya Land Rover imegawanywa baina ya Probox inayobeba watu na magunia kwenye murram, na pikipiki ya bodaboda inayopita kwenye vichochoro vya mbuzi. Tukiutazama mjadala wetu kwa haki, mrithi wa kweli wa usahili wa 1948 huko Zombe na Kathonzweni ni pikipiki, kwani fundi wa kuitengeneza hupatikana karibu kila soko.

Naye mama mjamzito bado yupo. Pikipiki hiyo, licha ya usahili wake wote, si chombo cha kumbebea. Hapa ndipo mjadala wa raha na ugumu unapokoma kuwa porojo za wapenda magari na kuwa suala la fedha za umma. Tangu 2013 afya ya wilaya hizo za zamani imo mikononi mwa serikali za kaunti, na fedha za kununulia magari zinatoka katika mfuko uleule unaonunua dawa. Anayeidhinisha ununuzi wa gari la umma Wote au Kitui mjini angefanya vyema kujiuliza maswali matatu ambayo, kwa vitendo vyake, Wilks alijiuliza kabla ya kwenda Amsterdam. Je, likiharibika Tseikuru, nani atalitengeneza, na kwa muda gani? Je, spea yake iko wapi, na ni nani awezaye kuinunua bila kungoja miezi? Je, kila kilichoongezwa ndani yake kinamfaa mgonjwa, au kinamfaa mkubwa anayeketi mbele?

Maswali hayo hayampi ushindi yeyote kati ya yale makundi mawili. Springi laini katika ambulansi zina jibu zuri kwa swali la tatu, na hivyo ni haki zinunuliwe. Mikanda na breki bora zina jibu zuri pia. Kiyoyozi katika gari linalosafirisha chanjo na wagonjwa huko Kibwezi, kwenye joto la Februari, si anasa. Lakini gari la mkubwa ambalo taa moja ikiwaka kwenye dashibodi husimama wiki nzima likingoja mtu mwenye kompyuta ya kulipima, huku zahanati ikikosa gari lolote, halina jibu kwa swali hata moja. Hilo ni mto uliotandikwa pasipokuwa na uti wa mgongo.

Kuna na jambo la nne ambalo hakuna gari linaloweza kulijibu. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililojaa watu waliokuwa wakienda arusini lilisombwa na mafuriko ya mto Enziu, karibu na Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha yao. Maji hayakutofautisha baina ya chombo kipya na kikuukuu. Hata Land Rover imara kuliko yote lingesombwa vivyo hivyo. Imani kwamba chombo chetu kina nguvu za kutosha, kiwe sahili au cha kifahari, imewaua wengi katika mito yetu, na tiba yake ni daraja pamoja na dereva anayekubali kungoja. Lami iliyotandazwa miaka ya karibuni kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui imewanufaisha wakazi kuliko kundi zima la magari ya kuvuta kwa magurudumu manne. Raha iliyo bora ni ile inayowafikia wote, nayo ni barabara.

Kwa walimu nina ombi moja. Mara nyingi tunawasimulia wanafunzi habari za wavumbuzi kana kwamba uvumbuzi ni kuongeza tu: waya zaidi, vidude zaidi, kasi zaidi. Maisha ya Wilks yanafundisha kwamba kuna uvumbuzi wa kupunguza, tena huo unahitaji akili nyingi zaidi, kwani anayepunguza lazima ajue ni kipi kisichoweza kupunguzwa. Alikuwa amekwisha kuunda magari ya mawakili na kushika injini ya jeti, ndipo akaweza kukaa mbele ya uhaba wa chuma akautumia kama mwalimu. Ukambani haikosi uhaba. Ina uhaba wa maji, wa barabara, wa fedha. Mwanafunzi wa Mwala au wa Mulango akiulizwa ni kifaa gani kingeweza kubuniwa kwa vitu vinavyopatikana sokoni kwao, kikafahamika na fundi wa kwao, na kikatumika siku 300 za mwaka, atakuwa ameulizwa swali la kihandisi hasa.

Wala tusimwonye mtoto anayefungua mashine kuukuu ya babake ili aone kilichomo ndani, ilmuradi anajua kuirudisha ilivyokuwa. Mchanga wa kuchorea tunao, na kwa wingi kuliko ule wa Red Wharf. Unajaa katika Tiva, Thua, Kaiti na Thwake miezi mingi ya mwaka, ukingoja kijiti na mtu mwenye haja anayoijua kwa mgongo wake mwenyewe.